Mashindano ya picha Bukavu: zitoke kwenye simu, zitundikwe ukutani

BUKAVU, Kivu Kusini – Tangazo huja kila mara kwa namna ileile. Linaanguka katika grupu la WhatsApp asubuhi na mapema. Chini kuna alama za washirika watatu au wanne, juu kuna maandishi makubwa: shindano la picha, mada "Amani", au "Uvumilivu", au "Mwanamke wa Kivu". Kijana atume picha tatu kwa namba fulani. Picha zitawekwa Facebook, na yenye laiki nyingi baada ya siku kumi ndiyo itakayoshinda. Zawadi ni simu, mara nyingine kamera, pamoja na cheti chenye sahihi. Wiki mbili kisha, grupu lilelile linapokea picha ya mshindi ameshika cheti chake mbele ya bango la wafadhili. Picha iliyoshinda yenyewe haionekani tena. Mkaaji wa Kadutu au wa Bagira akiulizwa picha ya mshindi wa mwaka uliopita ilionyesha nini, hana la kujibu, na si kosa lake, kwani hakuna aliyemwonyesha.

Hilo ni shindano la ndugu wenye mega, lisiitwe shindano la picha. Kijana mwenye shangazi Kinshasa, binamu wawili Bruxelles na wanafunzi wenzake mia tatu katika grupu la chuo anaanza mbio akiwa tayari katikati ya njia. Yule wa Panzi anayepiga picha kwa kamera ya kuazima, ambaye mama yake hana simu ya kufungulia Facebook, amekwisha kushindwa kabla hajabonyeza. Kila mtu analijua jambo hili. Waandaaji wanalijua, vijana wanalijua, hata wanaotoa laiki wanalijua, maana wengi wao hubonyeza bila kuifungua picha. Wanapelekewa kiungo na maneno "tafadhali unisaidie", wanasaidia, wanarudi kwenye habari za mpira.

Mahali pengine kazi hii inafanywa kwa karatasi. Vilabu vya wapiga picha vya Ulaya vinashindana hivyo tangu zaidi ya miaka mia moja, na shirikisho lao la kimataifa, FIAP, lilianzishwa mwaka wa 1950 kule Bern, Uswisi, kwa jitihada za daktari mmoja Mbelgiji, Maurice Van de Wijer. Wanachama wa vilabu hivyo si watu wakubwa. Wengi ni walimu, mafundi, wastaafu, watu wanaokutana jioni moja kwa wiki katika ukumbi wa kukodi. Kila mmoja anakuja na picha yake imechapwa na kubandikwa juu ya kartoni. Jina la mpigaji liko nyuma, halionekani. Mwamuzi anatoka kilabu kingine, mara nyingi mji mwingine, ili asimjue mtu. Picha inawekwa juu ya meza yenye taa, moja baada ya nyingine, na mwamuzi anasema kwa sauti, mbele ya wote, anachokiona: hapa mwanga umekula uso, hapa jicho la mtazamaji linakimbilia kwenye ndoo nyekundu nyuma, hapa mpigaji alipaswa kusubiri nusu dakika. Kisha anatoa pointi, kwa kawaida juu ya 20, kama mwalimu wa shule. Aliyepata 11 anarudi nyumbani na hasira, lakini anarudi akijua sababu.

Sehemu hiyo ya kuambiwa sababu ndiyo inayokosekana kabisa huku. Kijana aliyepata laiki 47 wakati mshindi alipata 1.200 amejifunza nini? Amejifunza kwamba anahitaji marafiki zaidi. Hakuna aliyemwambia kwamba picha yake ilikuwa nzuri ila upeo wa ziwa umeinama, au kwamba alimkata mtu miguu. Mwaka utakaofuata atapiga picha ileile, na ziwa litakuwa limeinama vilevile.

Simu, kwa upande wake, inaficha makosa. Juu ya kioo kidogo chenye mwanga wake wa ndani kila picha inapendeza. Picha iliyotikisika haionekani kuwa imetikisika. Isitoshe, WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ili isile mega nyingi, na kinachofika kwa waandaaji ni kivuli cha kile kilichopigwa. Ili kuchapa vizuri karatasi ya sentimita 20 kwa 30, labo inahitaji picha yenye pikseli karibu 2.400 kwa 3.500. Vijana wengi hawajawahi kuambiwa hesabu hiyo, wala kwamba wanaweza kuituma picha kama dokima ili ifike nzima. Wangeijua siku ya kwanza ya kwenda labo, kwa sababu fundi angewarudisha.

Kuna pia jambo la ngozi. Wazee wenye studio, wale waliofanya kazi tangu wakati wa filamu, wanalijua kuliko mtu yeyote. Filamu za rangi na mashine za kuchapa zilipangwa miaka mingi kwa kufuata kadi za kupimia zenye picha ya mwanamke mzungu, kadi ambazo Kodak ilizipeleka kwenye labo na zikajulikana kwa jina la "Shirley". Mashine ikiachwa ijiamulie, bibi arusi mwenye gauni jeupe mbele ya ukuta mweupe wa kanisa anatoka gauni tu na meno, uso umegeuka wino. Papa wa studio alijua kuisahihisha mashine kwa mkono, akiongeza kidogo hapa, akipunguza pale, mpaka uso wa mama urudi kuwa uso wa mama. Ujuzi huo hauko katika simu. Uko kwa watu ambao wengi wao sasa wana miaka sitini na zaidi, wanaopiga picha za pasi tu ili wapate chakula. Shindano la karatasi lingewapelekea vijana mlangoni. Shindano la laiki linawapita kana kwamba hawapo.

Na kama kuna nchi ambayo haihitaji kufundishwa thamani ya uchapaji mzuri, ni Kongo. Mwaka wa 2023 mamilioni ya raia walijiandikisha na kupewa kadi ya mpiga kura, ambayo hutumika pia kama kitambulisho, kwa kuwa kadi ya taifa ya uraia haijatolewa kwa watu wote tangu miaka ya 1980. Kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba kufika, kadi nyingi zilikuwa zimefutika. Sura ilikuwa imepotea, jina limepotea, imebaki plastiki. Tume ya uchaguzi, CENI, ikalazimika kutoa duplikata, na watu wakapanga mistari upya. Kwa raia anayesimamishwa kwenye kizuizi cha barabara, picha iliyochapwa vibaya ilikuwa shida ya kweli kabisa. Basi isisemwe kwamba karatasi na wino ni mambo ya wazungu wenye nafasi.

Lakini sababu kubwa ya kutaka picha zitundikwe ukutani ni nyingine, na inawahusu watu waliomo ndani ya picha.

Mtu akitazama picha zinazotumwa katika mashindano haya ataona kitu kimoja kinarudi. Mtoto mwenye kamasi akishika bidoni ya njano. Mama mzee aliyeinama chini ya mzigo wa makaa. Mlango wa hema la wakimbizi, na jicho ndani yake. Mikono yenye nyufa, iliyofanywa nyeusi na nyeupe ili nyufa zionekane zaidi. Si kwamba mambo hayo hayapo. Yapo, na mwandishi wa habari asiyeyapiga picha anadanganya. Tatizo ni kwamba vijana wamekwisha kujifunza kuwa picha za aina hiyo ndizo zinazopendwa na waamuzi wa mbali na wafadhili, basi wanakwenda kuzitafuta kama mtu anayekwenda sokoni kununua sambaza. Kijana mwenyewe anaishi Nguba, dada yake anasomea udaktari, baba yake anapenda kuvaa suti ya kijani siku ya Jumapili. Hivyo vyote ni Bukavu, na hakuna hata kimoja anachokipiga picha. Anapanda motari, anakwenda mpaka mahali penye taabu, anapiga, anarudi.

Wanawake wa sokoni wameligundua jambo hili zamani. Kijana akiinua kamera, wanageuza kitambaa usoni na kumuuliza: "Mwanangu, unaenda kuuza sura yangu kwa nani?" Wengi hulichukulia swali hilo kuwa ujinga wa watu wasiosoma. Ni swali la busara sana, na hakuna tangazo la shindano linalolijibu.

Ukuta unalijibu. Picha ikichapwa na kutundikwa katika ukumbi wa parokia ya Kadutu, umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka soko ilikopigwa, yule mama atakuja, au jirani yake atakuja na kumwita. Atasimama mbele ya uso wake mwenyewe mkubwa kama sinia. Hapo kijana hatakuwa na mahali pa kujificha. Kama alimpiga kwa heshima, mama atacheka na kuwaita wenzake. Kama alimpiga kwa kumnyemelea siku aliyokuwa anaugua, na chini akaandika "Umaskini", atasikia maneno ambayo hakuna mwamuzi wa Paris atakayemwambia. Na mwaka unaofuata, kabla ya kubonyeza, atafikiri: huyu mtu ataiona.

Waandaaji wanaopenda kutaja mashindano makubwa ya dunia wakumbuke yaliyotokea mwaka wa 2015. World Press Photo, shindano lililoanza Uholanzi mwaka wa 1955 na ambalo kila mpiga picha wa habari analiota, lilimpa zawadi ya kwanza mpiga picha wa Italia, Giovanni Troilo, kwa mfululizo wa picha kuhusu Charleroi, mji wa Ubelgiji. Picha zilionyesha mji wa giza, wa watu waliopotea. Meya wa Charleroi, Paul Magnette, aliandika barua kulalamika kwamba mji wake umechafuliwa. Mwanzoni shindano lilimtetea mpiga picha. Kisha ikajulikana kwamba mojawapo ya picha hizo haikupigwa Charleroi hata kidogo, ilipigwa Molenbeek, katika jiji la Bruxelles, na zawadi ikaondolewa.

Charleroi ilikuwa na meya wa kuandika barua, na watu waliozitazama picha na kusema hapana, mji wetu hauko hivyo. Bukavu imepigwa picha ya giza mara ngapi? Goma je? Uvira? Picha ngapi zimezunguka dunia na maneno "Kivu, DRC" chini yake, wakati milima inayoonekana nyuma mtu wa hapa angetambua mara moja kwamba ni milima ya Rwanda? Hakuna aliyeandika barua, kwa sababu watu wa hapa ndio wa mwisho kuziona picha zao, kama wanaziona kabisa. Uamuzi umefanyika mbali, juu ya kioo cha kompyuta, na watu ambao hawajui Muhumba na Cimpunda zinatofautianaje.

Na jina. Hapa ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1904, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha mwanamume mmoja kule Baringa, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vyote alivyobakishiwa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo ilichapwa, ilionyeshwa kwa taa ya slaidi katika kumbi na makanisa ya Uingereza, ikasaidia kuwasha hasira iliyomfanya mfalme Leopold wa pili aiachilie Kongo mwaka wa 1908. Jambo la kushangaza ni hili: zaidi ya miaka 120 imepita, na jina la mwanamume yule bado linajulikana. Ni Nsala, wa kijiji cha Wala. Binti yake aliitwa Boali. Majina yanajulikana kwa sababu wakati ule kuna mtu aliyeuliza na kuandika. Sasa afunguliwe ukurasa wowote wa mashindano ya leo, asomwe kila mtu aliyemo: "Mama wa Kivu." "Mtoto mkimbizi." "Mzee." Wamisionari wa mwaka wa 1904, waliotembea na kamera nzito ya sanduku na vioo vyake, waliuliza jina. Kijana wa 4G, anayezungumza lugha moja na mtu anayempiga, hakuuliza.

Kuna majibu ambayo waandaaji huyatoa, na yanafaa kupimwa moja moja, hata kama baadhi yake ni mepesi.

La kwanza ni pesa. Karatasi ni ghali, wanasema, na vijana hawana. Ni kweli vijana hawana. Lakini pesa ya shindano iko. Iko kwenye bango la wafadhili lenye mita tatu, linalotumika saa mbili na kuishia kufunika kuku uani. Iko kwenye tisheti za mada, kwenye kikombe cha glasi, kwenye ukumbi wa hoteli na soda za wageni rasmi. Bango moja likifutwa, picha nyingi za 20 kwa 30 zinachapwa. Kuchagua bango ni kuchagua, na waandaaji wasiseme walilazimishwa na umaskini. Tena si lazima kila picha iliyotumwa ichapwe. Inatosha kwamba waamuzi wachague arobaini kwanza, kisha hizo arobaini ndizo zitundikwe, na pointi zitolewe ukutani, mbele ya karatasi.

La pili ni kwamba laiki ni demokrasia, na juri ni watu watatu wanaojuana na waandaaji. Hili lina uzito. Bukavu inawajua waamuzi wanaompa zawadi mpwa wao. Dawa yake lakini iko tayari, ile ya vilabu: namba nyuma ya picha badala ya jina, mwamuzi mmoja atoke Goma au Uvira au Bujumbura, na pointi zisemwe kwa sauti pamoja na sababu zake. Mwamuzi anayelazimika kueleza mbele ya watu mia kwa nini amempa mtu 18 hufikiri mara mbili. Laiki haielezi chochote. Na kama kuna hamu ya sauti ya watu, liwekwe sanduku mlangoni. Kila aliyeingia na kuzitazama picha zote kwa macho yake apewe punje moja ya maharagwe aitie katika kikopo cha picha anayoipenda. Huyo angalau amekuja.

La tatu ni umeme, kwamba SNEL ikikata hakuna labo inayofanya kazi. Labo zina jenereta. Tuliache.

La nne huzungumzwa kwa sauti ya chini: kwamba kutundika picha mjini kunaweza kuleta matatizo, kwamba atakuja mwenye silaha au mwenye cheo kuuliza kwa nini picha hii iko hapa. Hofu hiyo si ya kubuni. Kila mpiga picha wa mkoa huu anajua maana ya kuinua kamera karibu na daraja, uwanja wa ndege au askari. Lakini picha nyingi za ukutani zitakuwa za harusi, za wavuvi, za mechi, za mafundi wa viatu, na zile chache zenye hatari waandaaji wanaweza kuzipima kwa akili, jambo ambalo Facebook haijawahi kulifanya. Kwenye Facebook picha ya kijana wa watu inaonwa na kila mtu, mwenye silaha pia, na hakuna aliyempima chochote.

Sasa limeongezeka jambo la picha zisizopigwa na mtu. Mwaka wa 2023, Mjerumani Boris Eldagsen alishinda sehemu mojawapo ya Sony World Photography Awards, kisha akaikataa zawadi na kutangaza kwamba picha yake ilitengenezwa kwa akili bandia. Alitaka kuonyesha kwamba waandaaji hawakuwa tayari. Kama waamuzi wa London walipitwa, grupu la WhatsApp la Bukavu litaligunduaje? Karatasi peke yake haizuii udanganyifu huo, mtu anaweza kuchapa chochote. Waandaaji waombe faili la asili kama lilivyotoka kwenye kamera. Na wategemee ukuta. Picha ya "ngazi za Kadutu" ikitundikwa Kadutu, mtoto wa miaka kumi atasema ngazi hiyo haiko, na nyumba ile haina mlango upande huo.

Kifungu kingine cha matangazo kinahitaji kusomwa kwa miwani. Kwa kawaida kiko mwisho, kwa herufi ndogo: kwa kutuma picha, mshiriki anakubali itumike na waandaaji na washirika wao bila malipo na bila kikomo. Maana yake, kijana mia moja wanatuma picha mia tatu, mmoja anapata simu, na waandaaji wanabaki na picha mia tatu za bure za kupamba ripoti na kalenda zao kwa miaka. Haki za watunzi zinalindwa Kongo na amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Sheria hiyo ni nzee, lakini bado inasema kazi ni ya aliyeitunga. Shindano la heshima linaomba ruhusa ya kuitundika picha na kuitumia kutangaza shindano lenyewe, basi. Anayetaka kuiweka kwenye kalenda amtafute mpigaji, wapatane bei. Kijana aliyekwisha kusaini kifungu hicho mara tatu mfululizo hajashiriki katika mashindano, amekuwa mfanyakazi asiyelipwa.

Nchi hii haikosi mifano ya kazi iliyofanywa vizuri. Lubumbashi, tangu mwaka wa 2008, kituo cha Picha, kilichochagua neno la Kiswahili kuwa jina lake, kilianzisha mikutano iliyokuja kuwa Biennale ya Lubumbashi. Sammy Baloji, mmoja wa waanzilishi wake, alijulikana kwa kazi ya kuchukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi, zilizohifadhiwa kwenye kumbukumbu za kampuni, na kuziweka juu ya picha za magofu ya viwanda hivyo leo. Kama watu wa zamani hawangechapa na kuhifadhi, Baloji hangekuwa na cha kuchukua. Kinshasa ya miaka ya 1950 na 1960, baa zake, magari yake, vijana wake wenye misuli kando ya bwawa la kuogelea, inajulikana duniani kwa sababu Jean Depara aliacha negatifu. Na Goma ilimtoa Pamela Tulizo, aliyeshinda mwaka wa 2020 zawadi ya Dior kwa wapiga picha chipukizi kwa picha za wanawake wa Kivu waliovaa wakapendeza, wenye kiburi kizuri, zikipingana na sura moja ambayo dunia imezoea kuwapa. Hakuhitaji bidoni ya njano.

Bukavu itaacha nini? Simu huibiwa. Kadi ya memori huharibika. Familia zilizokimbia vita zilikimbia na simu mkononi, na picha za marehemu wao zilikuwa ndani ya simu hizo; ikiuzwa simu ili kupata chakula njiani, marehemu anakwenda nayo. Nyumba nyingi za mji huu bado zina albamu moja, ya mjukuu aliyebatizwa mwaka wa 1994, ya babu aliyevaa abakosti, na albamu inaishia pale, karibu na mwaka wa 2010, kana kwamba watu waliacha kuzaa na kuoa. Baada ya hapo kila kitu kiko "kwenye simu ile ya zamani".

Basi waandaaji watakaotoa tangazo linalofuata wanaweza kulifanya hivi. Picha mbili kwa kila mshiriki, si tatu, zipokelewe kama dokima au kwenye kadi. Chini ya kila moja liandikwe jina la mtu aliyemo na kartie yake, kwa ruhusa yake, isipokuwa pale ambapo kumtaja kungemweka hatarini, na hapo mpigaji aeleze. Arobaini zichapwe kwenye labo za mji, kwa wazee wa studio, saizi 20 kwa 30, nakala mbili. Zisibandikwe kwa gundi ya maji, inazikunja. Zitundikwe Julai au Agosti, wakati mvua imekatika, maana unyevu wa Bukavu kuanzia Septemba unaharibu karatasi ndani ya wiki. Wiki moja Kadutu, moja Bagira, moja Ibanda, kiingilio bure. Waamuzi waje Jumamosi ya mwisho, waseme kwa sauti, kwa Kiswahili, ili na mama wa sambaza aelewe na ajibu akitaka.

Nakala ya pili si ya waandaaji. Ikishuka ukutani, mpigaji aipeleke mwenyewe kwa miguu yake mpaka kwa mtu aliyempiga, na zawadi ya mshindi isitolewe mpaka amerudi.